Asubuhi Niliyompigia Karanja Kadi

Siku ile mlinikatia keki pale kantini mkaniambia niseme neno, nilisema asante nikakaa. Neno nilikuwa nalo. Lakini meneja mpya alikuwa ameketi mbele yangu, na keki ilikuwa mdomoni. Sasa niko nyumbani hapa mtaa wa Pioneer, nina daftari ya mjukuu ambayo ameandika nusu akaichoka, na hakuna king'ora cha kuniamsha. Shule niliacha darasa la nne, kwa hivyo mkiona maandishi yamepinda, pindeni shingo msome hivyo hivyo. Mambo ya mshahara na vyeo sitaandika. Hayo mtayajua wenyewe, na mtanung'unika wenyewe. Nataka kuwaandikia juu ya blorumu, na juu ya asubuhi moja ambayo hata wazee niliostaafu nao hawaijui yote.

Baba yangu alikuwa mchungaji wa ng'ombe za mzungu, upande wa Turbo. Mzungu akaenda, ng'ombe zikapata mwenyewe mwingine, baba akabaki mchungaji. Wakati ule huku kwetu kulikuwa na watu aina mbili: wenye shamba, na wale wa kuwalimia. Ukizaliwa kwa hao wa pili unajua mahali pako hata kabla ya kuota meno. Halafu kiwanda cha nguo kikaja mjini, na sisi tukadhani hesabu hiyo imeisha. Nilipopata kazi, mama alifunga chapati kwa leso kama naenda Nairobi.

Siku ya kwanza nilihesabu milango mitatu. Mkubwa ulikuwa wa gari la meneja na lori za pamba. Wa pili ulikuwa mdogo, wa chuma, na saa ukutani: hapo wanaingia wenye kadi. Wa tatu haukuwa mlango, lilikuwa tundu kwa ua nyuma ya stoo, na askari anakaa hapo na rungu akichagua vibarua. Choo pia kulikuwa na aina tatu. Cha meneja hakuna mtu aliwahi kukiona, kwa hivyo kilisifiwa sana. Saa nne asubuhi tulikuwa tunapewa pakiti ya maziwa ya kuosha vumbi kifuani, lakini ni wenye kadi peke yao. Vibarua walikuwa wanameza vumbi likiwa kavu. Mimi miaka ile sikuona ubaya wake. Nilikuwa nimepata kadi, nilikuwa nakunywa maziwa yangu nikiwa nimeangalia ukuta.

Niliwekwa blorumu. Nyinyi wa kwa cherehani hamwendi huko, kwa hivyo niwaelezee. Ni mahali pamba inaanzia. Robota linakuja limefungwa na mikanda ya chuma, unakata, unafungua, unalisha mashine yenye meno inayoipiga pamba mpaka inakuwa manyoya. Feni kubwa inavuta vumbi na uchafu na kuupeleka chumba kidogo cha nyuma, chumba cha taka. Hicho chumba kina mlango mmoja wa chuma na komeo liko nje. Ukiacha mlango wazi feni haivuti, vumbi linarudia watu. Kwa hivyo ukipita ukute komeo limefunguliwa, unafunga. Baada ya mwaka mmoja kichwa hakihusiki tena, mkono unafunga wenyewe.

Aliyenifundisha ni Mzee Odhiambo, mtu mrefu aliyekuwa ametoka kiwanda kingine kule ziwani. Alikuwa na koleo ndogo ya kukata mikanda, ameifunga kiunoni na kamba ya kiatu, na hakuna mtu aliruhusiwa kuigusa. Aliniambia, "Kirwa, chuma kwa pamba ni kiberiti. Ukikata mkanda hesabu vipande vyako. Ulikata viwili, shika viwili. Ukishika kimoja, simamisha mashine, hata kama ni mfalme anangojea nguo." Alinifundisha pia kunusa. Pamba ikianza kuungua ndani ya robota haitoi moshi, inatoa harufu kama nywele za mtoto akinyolewa karibu na jiko. Mpaka leo mama watoto akichoma manyoya ya kuku mimi nasimama.

Sasa kadi. Siku hizi mnaweka kidole kwa mashine, na huwezi kumwazima mtu kidole. Sisi tulikuwa na kadi ya karatasi ngumu. Unaingiza kwa ile saa, inagonga, kadi inarudi ubaoni. Kadi ikiwa imegongwa, wewe uko ndani. Hata ukiwa hauko, uko.

Na tulikuwa tunapigiana. Nisiwadanganye. Karibu wanaume wote wa shifti yetu walikuwa na kipande cha shamba mahali fulani, na mahindi hayajui king'ora. Wakati wa kuvuna unamwambia mwenzako, anakupigia kadi, anashika mashine yako na yake, na wewe utamfanyia hivyo hivyo ng'ombe wake akizaa. Supavaiza wetu, Wekesa, alijua. Yeye mwenyewe alikuwa na ekari zake. Lakini sheria iliyobandikwa ukutani ilisema ukishikwa na kadi ya mwingine, wote wawili mnaenda nyumbani siku hiyo hiyo.

Mwenzangu alikuwa Karanja. Wazazi wake walikuja kutoka Murang'a wakanunua shamba Burnt Forest, na viazi vyao vilikuwa vikubwa kama kichwa cha mtoto. Yeye alikuwa upande wa kushoto wa blorumu, mimi wa kulia. Miaka tisa. Jioni moja tukinawa mikono akaniambia, "Kirwa, lori ya viazi inakuja kesho asubuhi. Nisipokuwa pale, wale madalali watajaza magunia mpaka yawe na mimba."

"Na Wekesa?"

"Wekesa amekula viazi vyangu tangu Krismasi. Huyo hana macho. Saa nane niko hapa."

"Saa nane kweli? Ama saa nane ya Burnt Forest?"

Akacheka. Asubuhi nikafika mapema, nikagonga ya kwangu, nikakohoa ili askari wa mlango ageuze uso, maana alikuwa anaogopa kifua kikuu, nikagonga ya Karanja.

Mwanzo wa shifti feni inazimwa kidogo ili vibarua wanawake waingie chumba cha taka kuzoa vumbi kwa magunia. Halafu feni inawashwa na kazi inaanza. Asubuhi hiyo nilikuwa mtu mmoja kwa mashine mbili. Nakimbia kulia, nalisha, nakimbia kushoto, nalisha, nakata mkanda, narudi. Jasho lilikuwa linaingia machoni. Kipande cha mkanda kiliingia kwa meno ya mashine, na hata leo sijui kilitoka upande gani. Pande zote mbili zilikuwa zangu.

Nilisikia mlio kama kijiko kimeangukia sufuria. Halafu ile harufu.

Moto wa pamba hauanzi kwa kuwaka. Unakimbia kwanza juu ya vumbi, kwa mbao za paa, laini laini, kama mtu anayepitisha mkono kwa blanketi. Mzee Odhiambo alipiga kelele, "Tokeni! Wacheni mashine! Tokeni!" King'ora kikalia, umeme ukakatwa, sisi wote nje, uwanja ulio mbele ya stoo.

Wenye kadi tulikuwa na mistari yetu pale uwanjani. Karani alikuja mbio amebeba ubao mzima wa kadi kama anabeba mlango. Kazi yake ni kuita jina, mtu anavuka kwenda upande wa pili, kadi yake inageuzwa. Vibarua hawakuwa na mstari. Walitolewa kwa lile tundu lao, wakasimama nje ya ua wakitazama.

Karani akaita. "Barasa!" Akavuka. "Jeruto!" Akavuka. "Kirwa!" Nikavuka, nikijua kadi moja haina mtu. Baada ya jina langu walibaki wachache, nao wakavuka mmoja mmoja.

"Karanja!"

Hakuna aliyevuka.

"Karanja wa blorumu!"

Karani akainua kadi, akaisoma, akageukia meneja aliyekuwa amefika na tai yake. "Bwana, huyu amegonga saa kumi na mbili na dakika hamsini. Yuko ndani."

Wekesa aliniangalia mara moja, halafu akaangalia viatu vyake. Wanawake wa mstari wetu wakaanza kulia. Mzee Odhiambo alikuwa tayari ameloesha gunia kwa pipa la maji, anajifunika kichwa. Mimi nimesimama upande wa wale wazima. Mke wangu alikuwa na mimba ya Kiptoo, miezi saba, tulikuwa tumehamia Pioneer mwezi ule, nyumba ya mawe, ya kwanza kwa ukoo wetu. Nikasema moyoni, mzee atafika mlangoni, ataona moshi, atarudi.

Aliingia.

Nitawaambia ukweli kwa sababu nimezeeka na hakuna wa kunifuta kazi. Nilimwona akiingia na nikanyamaza. Nilihesabu pumzi zangu. Zilifika arobaini na kitu ndipo akatoka, ameinama, mate meusi yanamtoka, nyusi zimeungua.

"Sijamwona," akasema. "Lakini nimesikia mtu anagonga chuma. Huko nyuma. Yuko hai! Nipeni maji nirudi."

Watu wakashangilia. Wakashangilia, sikieni hiyo. Mtu akapiga magoti akiomba kwa ajili ya Karanja, na Karanja wakati huo amesimama Burnt Forest anabishana na dalali juu ya gunia. Mzee Odhiambo akaloesha gunia tena. Alikuwa anarudi kufa kwa sababu ya kadi, na kadi niliipiga mimi.

Nikamshika kiwiko. "Mzee, usiingie."

"Niache, kijana!"

"Karanja hayuko ndani. Hajakuja leo. Kadi nilimpigia mimi."

Nilidhani atanipiga. Meneja alikuwa karibu, alisikia kila neno, na karani akasikia, na mstari wote. Lakini Mzee Odhiambo hakuwa na haja na kadi. Alinitazama na yale macho mekundu akasema polepole, "Kama si Karanja, basi ni nani anagonga?"

"Hakuna mtu," meneja akasema. "Kadi zote zimegeuka, ilibaki hiyo moja. Ni mabati yanapasuka kwa joto. Fungeni milango."

Alikuwa na haki, kwa upande wa kazi. Moto wa pamba unauliwa kwa kunyimwa hewa. Unafunga milango mikubwa ya chuma, unangoja, ndio unaokoa kiwanda chote pamoja na kazi za watu wote. Wekesa na wengine wanne wakaenda kusukuma milango. Meneja hakuwa mtu mbaya, mniamini. Alikuwa na watu wake wote mkononi, wamegeuzwa vizuri.

Ndipo mwanamke mmoja kibarua, Nyambura, akaanza kutikisa ule ua na mikono miwili. "Mama Rose! Mama Rose hajatoka!"

Meneja akamwuliza karani, "Mama Rose ni nani?"

"Hayuko kwa kadi, Bwana."

"Ni kibarua? Orodha yao iko wapi?"

"Vibarua tunaandika jioni, Bwana. Wakati wa kutoka."

"Amekwenda choo huyo," mtu akasema. "Ama ameenda nyumbani. Hao wanaenda nyumbani."

"Aende nyumbani na viatu vyake viko hapa?" Nyambura akapiga kelele. Akainua sandali mbili za plastiki juu ya ua. Wanawake walikuwa wanaingia chumba cha taka miguu mitupu, wasitoke na vumbi mjini. "Alirudi kuchukua gunia la mwisho! Yuko kwa taka!"

Nilikumbuka mkono wangu. Nikikimbia kushoto, upande wa Karanja, nilipita ule mlango mdogo na komeo lilikuwa wazi. Sikusimama. Mkono ulifunga wenyewe.

Milango mikubwa ilikuwa imebakisha nafasi ya mtu mmoja. Nilimnyang'anya Mzee Odhiambo gunia. Nasikia watu wanasema mpaka leo kwamba nilikuwa shujaa. Shujaa ni mtu ambaye angeweza kukaa nje. Wekesa akaniambia, "Kirwa, nitahesabu mia, halafu nafunga. Si mimi, ni amri." Nikamwambia, "Hesabu kama mtu wa darasa la kwanza."

Ndani huwezi kuona mkono wako. Nilienda kwa magoti nikipapasa msingi wa mashine: ya kwanza, ya pili, mkebe wa grisi, ya tatu. Juu kulikuwa kunawaka na vipande vya mbao vinaanguka mgongoni. Nilifikia ukuta wa nyuma, nikasikia. Si kugonga tena. Kukwaruza. Komeo lilikuwa la moto, nikalivuta na gunia, gunia likakauka mkononi, nikavuta tena. Mlango ukafunguka na yeye akaniangukia, mama mnene aliyejaa vumbi jeupe kama ametoka kwa unga. Nilimburuta kwa nguo. Ilishika mahali, ikararuka, nikashika nywele. Mungu anisamehe, nilimburuta na nywele mpaka nikaona mwanga wa ule ufa, na Wekesa anasema, "Tisini na mbili. Tisini na mbili. Tisini na mbili."

Aliishi. Viganja vyake viliungua kwa kupiga chuma, na kifua hakikurudi sawa. Waliompeleka hospitali waliulizwa jina na nesi, wakaangaliana. Miaka minne alikuwa anazoa taka yetu na hakuna aliyejua zaidi ya Mama Rose. Dada yake alipokuja ndipo ikaandikwa Salina. Mimi na Mzee Odhiambo tulipelekwa kwa daktari wa kiwanda, tukapakwa dawa, tukapewa maziwa.

Alasiri Karanja alifika saa tisa, na tope kwa magoti, akakuta barua yake mlangoni pamoja na yangu. Hakuniuliza kitu. Alisoma, akasema, "Kwa hivyo nimekufa na nimefufuka na nimefutwa, yote siku moja." Alirudi shambani moja kwa moja, na nasikia alifanya vizuri kunishinda. Ripoti iliandikwa. Waliuliza kila mtu wa blorumu, hata sisi tuliofutwa tuliitwa kujibu. Nilieleza kadi. Nilieleza mkanda. Komeo sikulitaja. Wakaandika kwamba mlango wa taka ulijifunga kwa nguvu ya feni, na kibarua mmoja wa kike akaumia.

Baadaye sana nilirudishiwa kadi, na miaka iliyofuata mnaijua, wengi wenu mlinikuta. Mmelalamika kwamba Mzee Kirwa anapiga kelele blorumu, anaita "Kuna mtu?" kabla ya kufunga kila mlango, hata wa kabati. Mmenicheka. Pia mlinicheka nikisimama kwa tundu la vibarua asubuhi nikiuliza majina na kuandika kwa mkono wangu mbovu. Karatasi hizo nimeziacha kwa droo ya chini, yule anayechukua nafasi yangu aendelee.

Lakini kabla ya kadi kurudi nilikaa mwaka na nusu nje ya ule ua, nikingoja kuchaguliwa kama wengine. Nyumba ya mawe tuliiacha, Pioneer tulirudi baadaye sana. Asubuhi moja ya baridi, ile ya Eldoret ya kuuma masikio, nilikuta Mama Rose ameketi juu ya jiwe, mikono ameficha kwa leso. Ilikuwa mara yake ya kwanza kurudi. Tulisalimiana. Nikaketi. Nikaona nisipomwambia siku hiyo sitamwambia.

"Mama Rose," nikasema, "lile komeo si feni."

"Najua."

"Ni mimi nililifunga."

"Najua ni wewe. Karanja huwa anaita kwanza. Wewe ulipita mbio ukafunga, paap. Nilikuita. Feni ikachukua sauti."

Wanawake wengine walikuwa wanapasha mikono kwa moto wa karatasi, wanacheka mambo yao.

"Na mbona hukuwaambia?" nikamwuliza. "Wale waliokuja kuandika ripoti?"

Alinigeukia kama mtu anayemwangalia mtoto aliyekawia kujifunza kutembea. "Baba Kiptoo, hao watu walimwuliza kila mwenye kadi. Hata nyinyi mliofukuzwa. Mimi nani aliniuliza?"

Askari akafungua lile tundu. Akaanza kunyoosha rungu, wewe, wewe, yule wa kofia. Akaninyooshea mimi. Akamwambia Mama Rose atoe mikono kwa leso aione. Aliitoa. Askari akaiangalia, akasema, "Mama, jaribu kesho."

Nikainama, nikaingia.